Ya 30x60 kwa elfu sitini au ya 8x42 kwa laki tatu na nusu?

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu wa hisabati, naishi Morogoro, nina miaka 64 na navaa miwani. Desemba wanangu wananipeleka Mikumi pamoja na wajukuu, kisha tutavuka kwa boti kwenda Zanzibar. Nataka darubini moja ya kutazamia wanyama, ndege wa hapa nyumbani, bahari, na nyota usiku. Tena nikishuka Dar niingie nayo uwanjani. Kariakoo nimeoneshwa mbili. Moja imeandikwa 30x60, shilingi 60,000. Nyingine 8x42, shilingi 350,000. Muuzaji mwenyewe amekiri ile ya kwanza inavuta zaidi. Sasa inakuwaje inayovuta kidogo ndiyo ghali? Na ninayo ya marehemu baba, Carl Zeiss Jena 8x30, alipewa Unguja na fundi wa Kijerumani. Imeota ukungu ndani. Niitupe?

JIBU: Shikamoo Mwalimu.

Nunua ya 8x42, mradi ipite majaribio nitakayokuandikia hapa chini. Ile ya 30x60 iache pale pale mezani hata ukipunguziwa hadi elfu ishirini. Ya marehemu mzee usiitupe, nitaifikia.

Nimetembeza wageni kwenye mbuga za kaskazini miaka 22, na ni nadra safari kupita bila mtu kuninyooshea kidole kifuani na kuuliza hii yangu inavuta mara ngapi. Nikisema nane, uso unamshuka. Kwa hiyo muuzaji wako simlaumu sana. Anauza namba ambayo watu wanaitafuta. Lakini wewe umefundisha hisabati, basi tuzipige hizo hesabu zenyewe.

Namba ya kwanza ni mara ambazo kitu kinasogezwa. Ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Simba aliyelala mita 400 kutoka barabarani, ukimtazama kwa mara 8 ni kama umesimama mita 50 kutoka kwake. Kwa mara 10 ni mita 40. Tofauti yote ni hiyo, mita kumi. Kwa mara 30 angekuwa mita 13 tu, na hapo ndipo noti zinapotoka mfukoni. Shida ni kwamba darubini haichagui cha kukuza. Mtetemo wa mkono, pumzi, hata mapigo ya moyo, vyote vinakuzwa mara hizo hizo. Kwenye nane, mtu mwenye mikono ya kawaida anamwona simba akitikisa sikio kufukuza nzi. Kwenye kumi wengine bado wanaimudu; mimi nikiwa nimechoka siimudu. Kuanzia kumi na mbili, bila kuegemea kitu, simba anacheza sindimba.

Halafu unapokuza zaidi unapunguza eneo. Darubini nzuri ya 8x42 inaonesha upana wa kama mita 130 kwa umbali wa mita 1,000. Ya 10x42 inaonesha kama mita 110. Zaidi ya hapo unachungulia kwenye tundu, na chozi anayenyonya ua la mgomba hakusubiri uutafute kwanza mgomba wenyewe.

Sasa gawanya namba ya pili kwa ya kwanza. 42 kwa 8 ni 5.25. Hicho ni kipenyo, kwa milimita, cha duara la mwanga linalotoka nyuma ya darubini na kuingia jichoni. Hakiandikwi kwenye mwili wa darubini, lakini mimi ndicho ninachokitazama kabla ya bei. Mchana wa jua kali mboni ya jicho hujifinya hadi milimita 2 au 3, na darubini karibu yoyote inaonekana nzuri; ndiyo maana wauzaji hupenda uijaribu saa sita mchana. Giza linapoanza kuingia mboni hufunguka. Ya kijana hufika hata milimita 7. Ya mtu wa umri wako mara nyingi huishia kama 5. Kwa hiyo 5.25 ni kama umeshonewa. Ya mabaharia, 7x50, inatoa 7.1, lakini kwako ile ziada itamwagika nje ya mboni huku shingo ikibeba kama kilo nzima. Ya 30x60 inatoa 2. Saa kumi na mbili na nusu jioni, chui anaposhuka mtini, hiyo itakuonesha giza lililosogezwa karibu.

Na hapo nimeichukulia kwamba ni 30x60 ya kweli. Siamini kama ni ya kweli. Nenda tena dukani na rula. Pima kioo cha mbele kutoka ukingo hadi ukingo. Zile nilizowahi kuzipima mimi zenye maandishi hayo, hakuna hata moja iliyofika milimita 30. Kisha ishike kwa mkono ulionyooka mbele yako, uielekeze kwenye anga jeupe mbali kabisa na jua, na utaona duara dogo la mwanga katikati ya kila kioo cha nyuma. Lipime. Ukikuta lenzi ni milimita 28 na duara ni 3.5, gawanya: 8. Yaani umeuziwa 8x28 iliyovaa koti la kuazima. Muuzaji akikukatalia kupima, umeshapata jibu bila rula.

Alama nyingine za kukimbia ni vioo vya mbele vyekundu kama taa ya breki. Wekundu huo maana yake ni kwamba sehemu ya mwanga inarudishwa nje badala ya kuingia, na swala wote watakuwa na rangi ya kijani kibichi. Iogope pia ile yenye kijiti cha kuongeza ukuzaji, iliyoandikwa 10-30 au 8-24. Kuna zinazofanya kazi hiyo vizuri kiasi, ila si kwa bei ya Kariakoo.

Umeuliza kwa nini ile nyingine ni ghali. Fedha imekwenda ndani, usikoona. Lenzi peke yake hupindua picha juu chini, hivyo kila upande una prizimu, yaani vipande vya kioo vilivyokatwa kwa pembe, za kuinyoosha. Njia ya zamani ni ya Mwitaliano Ignazio Porro, aliyepata hataza mwaka 1854; ndiyo inayozipa darubini za kizamani mabega mapana, kama hiyo ya baba yako. Njia nyingine inatumia prizimu zinazoacha mrija mnyoofu, chombo kinakuwa chembamba na chepesi, lakini prizimu hizo lazima zikatwe kwa usahihi mkubwa sana, la sivyo picha inapoteza makali. Ndiyo maana darubini ya mirija minyoofu ikiwa ya bei ya chini huwa mbovu kuliko ya mabega ya bei hiyo hiyo. Halafu kuna vioo kupakwa dawa. Uso wa kioo kitupu hurudisha kama asilimia 4 ya mwanga. Mwanga ukipita nyuso kumi, zidisha 0.96 mara kumi, utapata kama 0.66; theluthi ya mwanga imepotea njiani. Nzuri huwa na dawa ya tabaka nyingi kwenye nyuso zote, na kwenye boksi mara nyingi huandikwa FMC kwa kifupi. Ukiinamisha kioo, mng'aro wake huwa hafifu, wa kijani au zambarau iliyofifia. Ukijiona usoni kama kwenye kioo cha kinyozi, hakijapakwa kitu.

Kwako wewe, Mwalimu, jambo zito kuliko yote haya ni miwani. Jicho lina umbali wake ambapo linaona picha nzima, na miwani inalizuia kusogea. Kwenye karatasi ya maelezo umbali huo huandikwa kwa milimita. Wewe tafuta 16 au zaidi. Ikiwa ni 12 utaona katikati tu, kama mtu anayetazama nje kupitia tundu la komeo. Ndiyo sababu sikusukumi kwenye zile za mabega za 8x40, ambazo ni rahisi na zina picha safi: nyingi za bei hiyo zina hizo 12. Mipira ya machoni izungushe ishuke hadi chini ukiwa na miwani, wajukuu waipandishe. Ikiwa miwani yako ni ya kuona mbali au karibu tu, unaweza hata kuivua, gurudumu la darubini litafidia. Ikiwa daktari alikuambia una astigimatizimu, baki nayo, darubini haiwezi kuirekebisha. Na ukikuta kila darubini unayoshika ina ukungu ule ule, nenda ukapimwe mtoto wa jicho kabla ya kwenda dukani. Nimekuwa na mgeni aliyelaumu darubini tatu kwa siku mbili, kumbe shida ilikuwa jicho.

Dukani, omba utoke nayo nje. Kwanza ikunje au ikunjue mpaka maduara mawili yawe moja. Funga jicho la kulia, tazama bango la mbali kwa la kushoto, zungusha gurudumu la katikati mpaka herufi zikate. Sasa funga la kushoto, usiguse tena gurudumu, zungusha pete iliyo kwenye jicho la kulia mpaka herufi zile zile zikate. Kumbuka pete imesimama kwenye alama ipi. Watu wengi wanamiliki darubini miaka kumi bila kujua pete hiyo ni ya nini, na miaka yote hiyo jicho moja halikuona kitu sawasawa. Ukimaliza, tazama ukingo wa paa la bati kwa dakika mbili nzima. Ukiona mabati mawili, au ukihisi macho yanavutwa na kichwa kinaanza kugonga, mirija haiko sambamba. Hapo usijadiliane bei, irudishe. Hilo haliji kuzoeleka.

Mikumi hutahitaji zaidi ya hiyo. Uwanda wa Mkata uko wazi, na ifikapo saa tano joto linapanda kutoka ardhini, kila kitu kilicho mbali kinacheza kama kilicho nyuma ya moto wa mkaa. Hapo hata darubini ya milioni sita haisaidii, kwa sababu hewa yenyewe ndiyo imeharibika. Toka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mwambie dereva azime injini, kwa kuwa gari linalonguruma linatetemesha viwiko vyako kuliko uzee. Shona kifuko cha kitambaa, kijaze mchele kilo moja, uweke kwenye ukingo wa dirisha na darubini juu yake. Utashangaa mara 8 zinavyogeuka kuwa nyingi. Desemba ina faida moja zaidi: ndege wa Ulaya na Asia wanakuwa wameshafika, mbayuwayu na korongo weupe, wanakaa hadi Machi hivi. Na kumpata ndege kwenye darubini kuna namna yake. Usishushe macho kuitazama darubini. Mkazie ndege macho, kisha ipandishe darubini ije ikutane na macho yako pale pale. Wafundishe wajukuu kwa kunguru, kunguru hawaishi.

Baharini sitakudanganya, 8x42 si chombo chake. Mabaharia wana sababu ya kupenda 7x50: chombo kinayumba, na duara kubwa la mwanga linasamehe jicho linalohama. Lakini wewe ni abiria wa saa mbili. Simama, viwiko vibane mbavuni, usiegemee chuma cha boti maana kinapitisha mtikisiko wa mashine. Nyangumi usiwasubiri, msimu wao huku pwani ni kama Julai hadi Oktoba. Pomboo wa Kizimkazi unaweza kuwaona Desemba, na kwao hata macho matupu yanatosha. Chumvi ikirukia vioo, usisugue. Kama darubini haipitishi maji kabisa, imwagie maji baridi ya kunywa kisha kausha. Uliza neno hilo dukani kwa makini: kuna inayovumilia manyunyu tu, na kuna iliyofungwa kwa mpira na kujazwa naitrojeni ndani. Ya pili ndiyo ya pwani.

Uwanjani iache. Ukikaa upande wa mbali, mita 150 kutoka kwa mchezaji, utaona upana wa kama mita 20 za uwanja. Utamwona winga vizuri sana huku bao linafungwa kwingine.

Nyota ndiyo zawadi ambayo watu hawaitegemei. Desemba baada ya chakula cha usiku, Kilimia kiko juu. Kwa macho mtu huhesabu nyota sita au saba. Kwa 8x42 wajukuu watagombana kama ni thelathini au hamsini. Kisha shuka hadi kwenye zile tatu zilizojipanga mstari, kiunoni mwa kundi la nyota la Jabari. Karibu nao zinaning'inia nyota hafifu kama upanga, na katikati ya upanga huo kuna doa la moshi. Huo ni wingu la gesi ambamo nyota zinazaliwa sasa hivi. Mwezi usiutazame ukiwa mpevu, unakuwa bapa na unaumiza. Utazame ukiwa nusu, mashimo yaliyo mpakani mwa mwanga na giza yanasimama kwa vivuli vyake. Sayari ya Mshtarii ikiwa juu, egemeza darubini ukutani, utaona vinukta hadi vinne vimepangana pembeni mwake. Hiyo ndiyo miezi aliyoiona Galileo mwaka 1610. Pete za sayari ya Zohali usiwaahidi watoto, mara 8 haziwezi.

Jua, kamwe. Hata kwa nukta moja, hata likiwa linazama. Nalisema kwa sababu tarehe 2 Agosti 2027 kutakuwa na kupatwa kwa jua, kamili kuanzia Hispania na Moroko hadi Misri, Yemeni na Somalia, na huku kwetu watu watatoa darubini makabatini. Darubini hugeuza jua kuwa moto ndani ya jicho, na ile sehemu ya ndani ya jicho inayopokea picha haina neva za kukuonya kwa maumivu.

Wajukuu wadogo watakuletea tatizo moja. Macho ya mtoto wa miaka sita yako karibu karibu, na 8x42 nyingi hazikunjiki kiasi hicho. Atatazama kwa jicho moja, naye ataridhika. Ukija kupata fedha nyingine, kuna kidarubini cha kampuni ya Pentax kinachoitwa Papilio, 6.5x21, kinaona kuanzia nusu mita. Mtoto anamtazama kipepeo au siafu kama anatazama ng'ombe. Kwa mtu wa Morogoro mwenye bustani, hicho ningekiweka mbele ya darubini yoyote ya pili.

Sasa ya mzee. Kiwanda cha Carl Zeiss Jena kilikuwa Ujerumani Mashariki, na baada ya Mapinduzi ya 1964 mafundi wa nchi hiyo walikuwa wengi Unguja. Ndio waliojenga zile ghorofa za Kikwajuni. Hiyo ni darubini ya kweli, na 8x30 yake ni 8x30. Kilichoingia ndani huenda ni kuvu, nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, ugonjwa wa pwani wa kila kioo kinachofungiwa kwenye mkoba wa ngozi. Kuvu ikikaa muda mrefu hula ile dawa ya kioo. Usiifungue mwenyewe kwa bisibisi ya cherehani, skrubu zinazoshika prizimu ukizigusa vibaya mirija inaachana. Tafuta fundi wa hadubini za hospitali au wa vifaa vya wapima ardhi. Hao wanajua kusafisha prizimu na kuzirudisha mahali pake. Ikirudi, itunze nje ya mkoba, kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kukaushia unyevu vinavyokuja na viatu, na ubadilishe vipakiti kila baada ya miezi michache. Hiyo mpya nayo ilale humo.

Ukiwa na miwani hutaifurahia sana, inataka jicho liwe karibu mno na kioo. Lakini ipeleke kwa fundi kabla hujaenda Kariakoo, kisha nenda nayo. Isimamishe kando ya hiyo 8x42 mbele ya bango moja, saa kumi na moja jioni, vua miwani kwa zote mbili. Mpya ikishindwa kukata herufi kuliko ya baba yako, rudi Morogoro na laki tatu na nusu yako mfukoni, uniandikie tena.